Nimwombe shangazi ruhusa ya kwenda jangwani, au niandike tu kwamba niko kwake?

BARUA

Assalamu alaykum, Mshauri.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Unguja. Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Maskati kwa ufadhili na nakaa dahalia ya wasichana. Naomba usitaje chuo chenyewe, maana Waswahili wa huku wanajuana, na khabari ikitoka Sib asubuhi, adhuhuri imeshafika Darajani.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Aliyenishika mkono mpaka nikapata nafasi ya kusoma huku ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa Oman zamani, anakaa Sib, na sasa ana watoto wakubwa. Yeye ndiye aliyetia saini karatasi za dahalia kama mlezi wangu. Kwetu dahalia msichana haruhusiwi kulala nje ila kwa mlezi aliyeandikwa. Kila Alhamisi jioni mtoto wa shangazi huja kunichukua, na Jumamosi magharibi hunirudisha. Ndivyo ilivyo tangu mwaka wa kwanza.

Kwa shangazi yuko Bibi, mama yao yeye na marehemu baba. Ana zaidi ya miaka 80 na ameanza kusahau. Kiarabu anakisikia, lakini siku hizi maneno yote yanayomtoka ni ya Kiswahili, na msaidizi wa nyumbani hamwelewi. Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi Bibi huwa wangu. Namkosha, namsuka, namlisha, na usiku nalala chumbani kwake. Mara nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa Unguja. Ananihadithia kwamba wazee wake walitoka Mudhairib, kisha anasahau alikuwa anasema nini. Nampenda sana. Shangazi husema siku zangu hizo mbili ndizo anazopata usingizi.

Sasa jambo lenyewe. Marafiki zangu wamepanga kwenda jangwani, kwenye mchanga wa Bidiya, mwezi huu wa Disemba kabla hatujaingia mitihani. Tuko watano: mmoja wa Mombasa, wawili wa Pemba, mmoja Muomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na Kiswahili anakizungumza vizuri, na mimi. Kaka wa huyo Muomani atakuwa na gari moja, rafiki yake gari la pili. Tutatoka Ijumaa baada ya sala, tulale usiku mmoja kambini kwenye mahema, Jumamosi tupande ngamia, turudi. Kila mmoja anatoa riali 30 na chakula kimo humo humo. Huyu wa Mombasa anamaliza mwaka huu. Nilipofika hapa nikawa silali kwa kulia, yeye ndiye aliyehamishia godoro lake chumbani kwangu. Amesema hii ndiyo safari yake ya kutuaga.

Mshauri, huu ni mwaka wangu wa tatu katika nchi hii na ninachokijua ni darasa, dahalia na njia ya kwenda Sib. Wenzangu wamefika Nizwa, wamefika Ras al-Jinz kutazama kasa wakitaga. Nikirudi nyumbani watu wataniuliza Oman ikoje, na mimi nitawaeleza jiko la shangazi.

Tatizo ni ruhusa. Mwaka jana niliomba kwenda Salala msimu wa khareef, ule wa manyunyu, na wasichana wa darasani kwangu. Shangazi akasema, "Maliza skuli kwanza, Salala haihami." Tangu hapo sikuomba tena kitu. Safari hii wenzangu wamenionyesha njia. Dahalia niandike kwamba nakwenda kwa shangazi kama kawaida, maana mushrifa, msimamizi wetu, akiliona jina lake haulizi tena. Shangazi nimwambie nabaki dahalia kwa sababu ya mtihani. Wale wa Pemba watafanya hivyo hivyo kwa walezi wao. Rafiki yetu Muomani ameshaomba kwao na ameruhusiwa kwa kuwa yuko na kaka yake.

Ni usiku mmoja tu, lakini kila nikiufikiria tumbo linanisokota. Mama aliniambia uwanja wa ndege, "Nimekukabidhi kwa wifi yangu, usinitie aibu kwake." Halafu liko suala la mahram, jamaa wa kiume asiyeweza kunioa, wa kusafiri nami. Moyo unanisuta, ingawa nilipanda ndege peke yangu kuja huku na hakuna aliyesema neno. Nikisema ukweli, najua shangazi atakataa, na nitakuwa nimeshamfungua macho, hata hiyo njia ya wenzangu itakuwa imefungwa. Nikibaki, nitakaa chumbani kwa Bibi natazama picha zao kwenye simu, na naogopa nitamkasirikia mtu asiye na kosa lolote.

Pesa zinatakiwa Jumapili. Nifanye nini?

Mkoba Tayari, Maskati


JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu Mkoba Tayari.

Nianze kwa kukuondolea mzigo mmoja ambao sidhani ni wako. Kutamani kuona nchi unayoishi si kumkosea shangazi wala Bibi. Una miaka 22, una rafiki anayeondoka, na saa tatu tu kwa gari kutoka kitandani kwako kuna mahali ambapo watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kupaona. Ningeshangaa kama usingetaka kwenda. Kwa hiyo hutaniona nikikuhukumu kwa hamu hiyo.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza kama uende au ubaki. Lakini barua yako imebeba swali jingine, na hilo ndilo linalokusokota tumbo: unaweza kuwa na maisha yako mwenyewe ambayo shangazi anayajua? Njia uliyoonyeshwa na wenzako inalikwepa swali hilo. Inakupa usiku mmoja, na Jumapili unarudi ulipokuwa, ukiwa na siri ya kulinda.

Hebu tuitazame njia hiyo kwa karibu kabla ya kuisema mbaya au nzuri. Dahalia wataamini uko Sib. Sib wataamini uko dahalia. Wale wa Pemba nao walezi wao watakuwa hivyo hivyo. Maana yake kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumamosi usiku hakuna mtu mzima hata mmoja upande wako atakayejua ulipo. Mjini hilo ni jambo la aibu tu likijulikana. Jangwani ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo.

Mchanga huo wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba kwa jina la Mabedui wa huko, una kilomita za mraba zipatazo 12,500. Unguja yote ingeingia humo zaidi ya mara saba. Vilima vyake vingine hupanda kufikia mita 100, na ukishaingia katikati yake mtandao wa simu hupungua na sehemu nyingine hukatika kabisa. Hata mwenyeji wa Bidiya, aliyezaliwa hapo, busara ni asiingie bila kumwambia mtu anakwenda wapi na atatoka lini. Mtu huyo akiona saa imepita, anatafuta au anaita polisi. Ukikwama, kanuni ni kubaki na gari, kutulia kivulini na kungoja. Lakini ni nani atakayejua kwamba unangoja? Familia ya rafiki yako Muomani itajua, na hilo ni jema, nalipa uzito wake. Kwako wewe, shangazi angepata khabari kwa simu ya mtu asiyemjua.

Jambo la pili ni saa. Umesema mnatoka Ijumaa baada ya sala. Mpaka watu wamalize kula, wakusanyike, mizigo ipakiwe, ni saa nane. Bidiya iko kilomita 200 na ushei, kwa hiyo mnafika karibu na saa kumi na moja jioni. Disemba jua la huko linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu. Na kabla ya kuingia mchangani lazima msimame mjini mpunguze upepo wa tairi, maana tairi lililojaa huchimba badala ya kupanda. Mtakuwa mnaingia kwenye vilima gizani. Dereva mzoefu huenda akafika bila shida ikiwa kambi ipo karibu. Dereva wa mjini mwenye gari zuri asingejaribu kama angejua anachofanya. Hujaniambia huyo kaka na rafiki yake ni wa aina gani. Wamewahi kuendesha mchangani, au wameona kwenye video? Magari mawili ni bora kuliko moja, nimefurahi kusikia. Wana kamba ya kuvutia, beleshi, pampu ya upepo na maji ya kutosha watu wote? Kambi ina wenyewe wanaokaa hapo na wanaojua mnafika saa ngapi, au ni mahema mtakayobeba? Wasichana mna hema lenu peke yenu? Na ukienda kwa njia yoyote ile, beba sweta na soksi. Msichana wa Unguja hutarajii baridi jangwani, lakini usiku wa Disemba joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 15, na upepo juu yake.

Nimeyauliza haya kwa sababu, ukiamua kuzungumza na shangazi, ndiyo atakayoyauliza. Na hata ukiamua kutomwambia, bado una haki ya kuyauliza mwenyewe. Rafiki anayekasirika ukimuuliza kaka yake amewahi kuendesha mchangani, hapo pana la kutazama.

Sasa nirudi kwenye neno lako, "najua atakataa." Unajua, au unaogopa? Nimeitazama ile khabari ya Salala. Salala ni karibu kilomita 1,000 kutoka Maskati, na khareef watu hawaendi kwa usiku mmoja. Ulikuwa mwaka wa pili, na ulikwenda kwake, nadhani, na ombi tupu: wasichana, mbali, siku kadhaa. Alilolikataa ni ombi lile. Wewe ukalichukua kama jibu la maombi yote yajayo, ukanyamaza. Yeye tangu hapo hajawahi kuombwa tena, kwa hiyo hatuna tunachokijua juu ya jibu lake la leo. Huenda atakataa. Huenda pia anakuona bado ni yule mtoto aliyempokea uwanja wa ndege, kwa kuwa hujampa nafasi ya kukuona vingine.

Tena soma sentensi yako mwenyewe: nikisema ukweli, njia ya wenzangu itafungwa. Unauogopa ukweli kwa sababu utakunyang'anya uongo. Sikusimangi, mwanangu. Nakuomba tu uitazame mara ya pili ukiwa umetulia, kwa sababu inaonyesha umeshaanza kumchukulia shangazi kama mlango wa kupitwa, wakati yeye ndiye aliyekufungulia mlango wa nchi hiyo. Na jina litakaloandikwa kwenye fomu ni lake. Ikigundulika, mushrifa hatakuita wewe kwanza. Atampigia yeye, na ataulizwa juu ya jambo ambalo jina lake limelishuhudia bila yeye kujua. Wewe ni mwanafunzi wa ufadhili, na dahalia fomu ya uongo si kitu chepesi. Ulizia kimya kimya, bila kutaja safari, kama mlezi anaweza kukuombea ruhusa ya kwenda mahali pengine kwa jina. Huenda njia halali ipo na hakuna aliyewahi kuiuliza.

Kuhusu mahram, mimi si mwanachuoni na sitajifanya. Ninachokijua ni kwamba wanavyuoni wamelizungumza hilo kwa muda mrefu na hawakukubaliana wote: wapo wanaosema mwanamke asisafiri bila mahram, wapo wanaoruhusu akiwa na wenzake wa kuaminika na njia ikiwa ya amani. Muulize unayemwamini, ukimweleza yote, pamoja na madereva na usiku wa kulala, usimpunguzie kitu ili upate jibu unalolitaka. Ila ule mfano wako wa ndege sidhani unasimama. Siku ile mama alikuwa upande mmoja na shangazi upande wa pili, na wote wawili walijua saa ya ndege.

Ukichagua kumwambia, kuna namna kadhaa, na kila moja ina hatari yake.

Unaweza kwenda kwa mama kwanza. Ni mama yako, ana haki ya kujua, na huenda akakubali. Lakini umeandika mwenyewe kwamba mama na shangazi ni mawifi, na kwamba amekukabidhi kwake. Shangazi akisikia ruhusa imetoka Unguja kabla yeye hajaulizwa, anaweza kuona amepitwa juu ya kichwa nyumbani kwake. Wifi na wifi wamewahi kununiana miaka kwa mambo madogo kuliko hili. Ukimpigia mama, labda mpigie kama mshauri, umwombe dua na maneno, na umwachie shangazi nafasi ya kusema ndiyo.

Unaweza kwenda kwa shangazi na ombi dogo zaidi: siku moja bila kulala. Mkitoka Jumamosi alfajiri, mnafika Bidiya asubuhi, mnapanda mchanga, mnakula, na magharibi mko njiani kurudi. Utaukosa usiku na nyota zake, na nakubali kwamba huo ndio utamu wa safari wanaouzungumzia wenzako. Tena kilomita zaidi ya 400 kwa siku moja zinachosha dereva, na dereva aliyechoka usiku ni hatari kama mchanga. Kwa hiyo hata hili lisichukuliwe kwamba ni salama kwa kuwa ni fupi.

Halafu kuna Mudhairib. Umeitaja kwa nusu sentensi ukapita, na mimi nimesimama hapo. Mudhairib iko kati ya Ibra na Bidiya, jirani na barabara hiyo hiyo mtakayopita. Watu wa miji hiyo walishuka mpaka Sur, wakangoja upepo wa kaskazi, wakaja Unguja kwa majahazi, wakaoa, wakazika, wakabaki. Ndiyo maana Sharqiya mpaka leo unaweza kuamkiwa kwa Kiswahili na mzee usiyemjua. Bibi anakuhadithia njia hiyo kila wikiendi. Je, shangazi bado ana jamaa huko? Pengine anao, na pengine kwa macho yake jangwa la Bidiya ni nyuma tu ya nyumba za watu wake. Anaweza kukwambia, "Pitieni kwa fulani, mlale kwao, asubuhi mwende mchangani." Hapo utakuwa umepata ruhusa na mtu wa kukungojea. Lakini nikuonye: anaweza pia kusema, "Basi tutakwenda sote," na safari ya kumuaga rafiki ikageuka safari ya familia, na Bibi kwenye kiti cha mbele. Huenda hilo litakufurahisha kuliko unavyodhani. Huenda litakuvunja moyo. Jiulize kabla ya kulitamka.

Kuna pia kubaki. Kubaki kwa hasira, ukitazama picha usiku kucha, ndiko ulikokueleza, na una haki ya kukuogopa. Kubaki kwa kuchagua ni kitu kingine. Rafiki yako wa Mombasa bado yuko Maskati kwa muda. Umewahi kumwambia jinsi unavyomthamini, na kwamba unaogopa uongo huu? Mtu aliyehamisha godoro lake kwa sababu yako, sidhani urafiki wake unakaa juu ya riali 30. Inawezekana yeye mwenyewe angependa jioni moja na wewe peke yako kuliko hema lenye watu saba.

Nimemweka Bibi mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Umeandika juu yake kwa upendo mkubwa, kisha ukaandika kwamba unaogopa kumkasirikia. Nadhani yote mawili ni kweli. Msichana wa mwaka wa tatu anayemkosha, kumlisha na kulala na mgonjwa kila wikiendi bila kupumzika anachoka, hata kama anampenda. Hukulalamika popote katika barua yako, ila ulihesabu jiko la shangazi na njia ya Sib. Najiuliza kama jangwa hili lisingekuwa dogo laiti ungekuwa unapata Ijumaa moja kwa mwezi ya kwako. Shangazi naye, ninavyomsoma, amechoka, na amekuegemea wewe bila kugundua kwamba wewe huna wa kumwegemea. Hilo ni zungumzo tofauti na la safari. Ukiyachanganya siku moja, atasikia lawama na hatalisikia ombi. Lakini usiliache lipotee. Nani mwingine nyumbani anajua Kiswahili cha kumtosha Bibi kwa usiku mmoja? Yule mtoto wa shangazi anayekuja kukuchukua, je, hawezi kukaa na bibi yake? Ukienda na jibu la swali hili mkononi, utakuwa umemwondolea shangazi sababu kubwa ya kukataa, ambayo huenda haina uhusiano wowote na mchanga.

Ukiamua kumwambia, mwambie ana kwa ana, Alhamisi usiku Bibi akishalala, si kwa ujumbe wa WhatsApp. Unaweza kuanza hivi: "Shangazi, nina ombi, na nimekuletea kabla sijalipa hata baisa moja. Rafiki yangu anaondoka. Wanakwenda Bidiya usiku mmoja, na hawa ndio wanaoendesha, hii namba ya kambi, hii namba ya mama wa rafiki yetu Muomani. Bibi atakaa na fulani." Kisha mwachie aulize. Akiuliza sana, usidhani anakataa. Mtu aliyeshakataa hana haja ya kuuliza. Akisema hapana, unaweza kumuuliza kwa adabu ni kitu gani hasa kinachomtia hofu, maana usiku, madereva na Bibi ni hofu tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Na akikataa kabisa, hapo utakuwa na uamuzi mgumu zaidi kuliko ulio nao leo, sitakuficha. Kwenda baada ya kukatazwa si sawa na kwenda bila kuuliza, na gharama yake nyumbani kwa shangazi unaijua wewe kuliko mimi.

Ikiwa unasoma haya na Jumapili ya kulipa imekaribia kabla hujaongea na mtu, mwombe yule wa Mombasa akushikie nafasi mpaka katikati ya wiki. Na huyo kaka wa rafiki yako, muulizeni leo leo hiyo saa ya kuondoka. Kama hawezi kutoka Ijumaa asubuhi mkasali njiani, Ibra, mpate kuingia mchangani mchana, basi wote watano mna la kuzungumza naye kabla hamjatoa riali zenu.

Mshauri wako